Kivinjari Kilichokataa Kufa: IE6, Garama ya Vitu vya Zamani, na Sisi wa Telefone za Okazio

Siku hizi kila shirika, kila shule, kila kikundi cha walimaji inataka tovuti yake. Na vijana wetu njo wanazitengeneza, wengi wakiwa wamejifunza wao wenyewe, usiku, wakati mega ziko bei rahisi. Lakini kuna swali moja naona tunaliruka mbio sana: ule mutu atakayefungua hii tovuti, ataifungua na chombo gani?

Swali hili lina historia. Liliwasumbua watengenezaji wa tovuti wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 10, na jina la ile masumbuko lilikuwa Internet Explorer 6, wenyewe waliita IE6. Lisansi yangu ni ya agronomia, siyo ya informatiki. Lakini ninaandika juu ya hii neno kwa sababu ni ugomvi tunaoujua vizuri mu mashamba: nani analazimisha nani kuacha mbegu ya zamani, na nani analipa garama wakati wa kubadili.

Tuanze na musingi. Kivinjari njo ile programu tunaita kwetu navigateri: Chrome, Firefox, Opera Mini, Safari. Ukurasa wa intaneti haukufikii ukiwa picha iliyokwisha kutengenezwa. Unafika ukiwa maandishi ya maagizo: weka kichwa hapa, weka rangi hii, acha nafasi kiasi hiki. Kivinjari kinasoma yale maagizo na kuchora ukurasa. Kama vivinjari viwili vinasoma agizo moja kwa namna mbili tofauti, watu wawili wanaona kurasa mbili tofauti. Shida yote ya historia hii inatoka pale.

Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza mu mwaka wa 1990, ku maabara ya CERN, karibu na Geneva. Mu mwaka wa 1993, vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, mu Marekani, Marc Andreessen na Eric Bina, wakatoa Mosaic, na kwa mara ya kwanza watu wa kawaida wakaona picha na maandishi pamoja ndani ya ukurasa mumoja. (Sisi wa agronomia tukisikia neno mozaiki tunafikiri kwanza ule ugonjwa wa muhogo.) Andreessen akaenda kuanzisha kampuni, na mwisho wa 1994 Netscape Navigator ikatoka. Mu mwezi wa 8 wa 1995, Microsoft ikajibu na Internet Explorer ya kwanza, iliyojengwa juu ya kodi ya Mosaic.

Kisha vita vikaanza. Kila kampuni ilikuwa inaongeza maagizo yake yenyewe, yale mwenzake hakuyajua. Kulikuwa shirika la kuweka kanuni za pamoja, W3C, lililoanzishwa mu 1994. Kanuni za kupamba kurasa, CSS, kazi ya Håkon Wium Lie na Bert Bos, zilikubaliwa mu mwezi wa 12 wa 1996. Lakini mu vita nani anangojea kanuni? Tovuti nyingi za wakati ule zilibeba kibandiko kidogo kilichosema: ukurasa huu unaonekana vizuri na Netscape, ao: unaonekana vizuri na Internet Explorer. Maana yake: kama unatumia ingine, pole yako.

Microsoft ilishinda, kwa sababu iliweka kivinjari chake ndani ya Windows. Ukinunua kompyuta, kiko ndani tayari, bure. Serikali ya Marekani ikaishitaki mu mwezi wa 5 wa 1998. Mu 2000 hakimu aliamuru kampuni igawanywe mara mbili, na mu 2001 koti ya rufaa ikafuta ile amri. Netscape yenyewe ilikuwa imeshanunuliwa na AOL na kupoteza nguvu.

Mu mwezi wa 8 wa 2001 IE6 ikatoka. Tuseme ukweli: kwa siku ile ilikuwa programu nzuri. Hata ile njia ambayo ukurasa unaomba habari mupya bila kujifungua upya, ambayo leo tunaitumia kila saa, ilitoka kwanza kwa Microsoft, ndani ya IE5, mu 1999. Miaka michache nyuma, Internet Explorer ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wote.

Hapa njo kosa kubwa. Kisha kushinda, Microsoft ikapunguza watu wa ile kazi. Toleo lililofuata, IE7, lilitoka mu mwezi wa 10 wa 2006. Miaka 5 mizima! Mu miaka ile 5 intaneti ilikua kama mutoto, lakini nguo ilikuwa ile ile.

Mwanafunzi yeyote wa agronomia anajua jina la hali hii: kilimo cha zao moja. Ndizi za biashara ya dunia zilikuwa karibu zote za aina moja, Gros Michel. Ugonjwa wa Panama ukaingia mu mashamba, na kufika miaka ya 1960 biashara yote ililazimika kuhamia Cavendish. Kitu kikiwa pekee yake mu shamba lote, udhaifu wake unakuwa udhaifu wa shamba lote. IE6 ilikuwa Gros Michel ya intaneti.

Sasa, kusaidia kivinjari cha zamani ilikuwa kazi gani? Nitoe mufano wenye hesabu. Unasema: sanduku hili liwe na upana wa 200, nafasi ya ndani 20 kila upande, mupaka 5 kila upande. Kanuni ya CSS inasema 200 ni ya yale yaliyomo tu, kwa hiyo sanduku lote ni 200 na 40 na 10, jumla 250. IE5 ya Windows ilisoma 200 kuwa sanduku lote, na yaliyomo yanabaki 150. Ukurasa mumoja, vipimo viwili. IE6 ilisahihisha ile kosa, lakini kwa sharti: musitari wa kwanza kabisa wa ukurasa lazima utangaze aina ya kanuni inayofuatwa. Ukiweka hata tangazo la XML mbele ya ule musitari, IE6 ilirudi ku hesabu ya zamani. Mutu angeweza kutafuta kosa siku nzima mu maagizo ya rangi na vipimo, kumbe liko ku musitari wa kwanza.

Na haikuwa hiyo tu. Kitu kilichosukumwa upande wa kushoto na kupewa nafasi ya 10 upande ule ule, IE6 ilikipa 20. Picha za PNG zenye sehemu za kupenyesha mwanga zilionekana na doa la kijivu nyuma yake. Wafundi wakavumbua dawa za kienyeji: kuweka alama ya kistari mbele ya agizo, kwa kuwa IE6 pekee ingelisoma, ao kuandika maneno maalumu ambayo vivinjari vingine viliyachukua kuwa maoni tu na kuyapita. Kila tovuti ilikuwa na faili ya pili, ya IE peke yake. Ofisi zilitunza kompyuta ya zamani mu kona, ya kujaribia tu. Kazi hii muteja haioni, lakini anailipa.

Swali la maana: kwa nini watu hawakubadili, na IE7 ilikuwa bure? Wafundi wengi walijibu mbio: ni uvivu, ni ujinga. Historia inasema kitu kingine.

Ya kwanza, watu wengi hawakuwa mabwana wa kompyuta yao. Mutumishi wa banki ao wa hospitali hawezi kuweka programu mupya ku mashini ya kazi. Makampuni yalikuwa yamenunua programu za ndani zilizojengwa kwa IE6 peke yake, pamoja na vile vipande vya ActiveX. Kubadili kivinjari ilikuwa kubadili programu zote. Mu mwaka wa 2010 raia wa Uingereza walipeleka ombi serikali iache IE6. Serikali ikakataa: ilisema kubadili kompyuta za idara zote na kujaribu upya programu zote ni kazi kubwa na ya garama kwa mulipa kodi.

Ya pili, wakati mwingine sheria yenyewe ilifunga watu. Mwisho wa miaka ya 1990 Marekani ilikuwa bado inazuia kuuza inje njia zake kali za kuficha siri. Korea ya Kusini ikatengeneza yake, inayoitwa SEED, na kuipitisha mu ActiveX. ActiveX ilikuwa inafanya kazi ndani ya Internet Explorer tu. Basi inchi yenye intaneti ya mbio kuliko nyingi ikabaki miaka mingi inategemea kivinjari cha zamani kwa kulipa na kwa banki. Ile cheti ya zamani ilipoteza nafasi yake ya pekee mu sheria mu mwezi wa 12 wa 2020 tu.

Kwa hiyo IE6 ilibaki kwa sababu ya mikataba, sheria na bujeti. Mutumiaji alikuwa wa mwisho ku mustari.

Namna gani ilikufa? Kidogo kidogo, kisha mara moja. Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 mwezi wa 11, 2004, na ikaonyesha watu kwamba kuna ingine. Chrome ikafuata mu mwezi wa 9 wa 2008. Mu 2009 kikundi kidogo cha wafundi wa YouTube kiliweka juu ya video tangazo kwa watumiaji wa IE6: karibu tutaacha kusaidia kivinjari chenu. Mumoja wao, Chris Zacharias, alieleza mu 2019 kwamba hawakuomba ruhusa kwa wakubwa, na kwamba mu mwezi mumoja watumiaji wa IE6 ku YouTube walipunguka nusu. Mu mwezi wa 1 wa 2010 Google ilitangaza kwamba imevamiwa, na shimo moja lililotumiwa lilikuwa la Internet Explorer. Siku zile zile, idara za usalama wa kompyuta za Ujerumani na za Ufaransa ziliwashauri watu wachukue kivinjari kingine. Mu mwezi wa 3 wa mwaka ule, wafundi wa Denver walifanya maziko ya IE6, na jeneza lake, na Microsoft yenyewe ikatuma maua.

Mwaka uliofuata Microsoft ilifungua tovuti ya kuhesabu kifo cha kivinjari chake. Ilisema bado asilimia 12 ya dunia inakitumia, na inataka kufika chini ya 1. Mu 2012 duka moja la Australia, Kogan, lilitoza wanunuzi wa IE7 kodi ya asilimia 6.8, yaani 0.1 kwa kila mwezi tangu kivinjari kile kutoka. Tarehe 8 mwezi wa 4, 2014, Windows XP ilipoteza musaada, na IE6 pamoja nayo. Internet Explorer ya mwisho, namba 11, ilistaafishwa tarehe 15 mwezi wa 6, 2022.

Wafundi wengi wanaimaliza historia pale, kwa furaha: tulishinda, ya zamani ilikufa. Mimi naona kuna njia ingine ilitembea pembeni, na njo hiyo inatufaa zaidi.

Mu 2003 Steve Champeon na Nick Finck walitoa wazo ku mukutano wa Austin: anza na yaliyomo, maandishi na fomu vinavyofanya kazi pahali popote. Kisha ongeza urembo kwa wenye kivinjari kizuri. Mwenye chombo cha zamani hapati ukurasa muzuri sana, lakini anapata kile alichokuja kutafuta. Yahoo ikaweka madaraja: daraja moja linapata kila kitu, lingine linapata musingi tu, lakini hakuna anayefungiwa mulango. Mu 2006 John Resig akatoa jQuery, maktaba iliyoficha tofauti za vivinjari ili mufundi aandike mara moja. Na Opera Mini ikaja na akili ya pekee: kurasa zinapikwa ku mashini za Opera kwanza, zinakandamizwa, telefone ndogo inapokea kifurushi chepesi. Wengi wetu tuliona intaneti mara ya kwanza kwa ile njia, ku Nokia ya kubonyeza, na unite kidogo kabisa.

Idara ya tovuti za serikali ya Uingereza ilifanya hesabu mu 2013. Waligundua kwamba asilimia 1.1 ya wageni hawakupata JavaScript. Lakini ni 0.2 tu ambao walikuwa wameizima ao kivinjari chao hakiiwezi. Wale 0.9 walikuwa na kivinjari kizuri kabisa; kitu fulani kilikatika njiani: reseau, faili isiyofika, kizuizi cha ofisi. Kama ku London ni hivyo, fikiria Walikale ao Fizi.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu IE6 ilikufa lakini shida yake haikufa. Ilihama tu, ikaingia mu telefone.

Mu mwezi wa 11 wa 2020, Let's Encrypt, shirika linalotoa bure vyeti vya usalama kwa mamilioni ya tovuti, lilitangaza kwamba mwaka ujao telefone za Android za chini ya 7.1.1 hazitaamini tena vyeti vyake. Mwenye telefone ile angeona onyo la hatari ku kila tovuti yao. Kwa hesabu ya Google, hizo zilikuwa asilimia 33.8 ya Android. Moja juu ya tatu! Mwezi uliofuata wakapata suluhisho: shirika lingine, IdenTrust, likakubali kutia sahihi tena kwa miaka 3, na ikapita kwa sababu Android ya zamani haikagui tarehe ya mwisho ya cheti cha mizizi. Watu wachache waliketi, wakatafuta, na mamilioni ya telefone zikapata pumuzi mpaka 2024. Hawakusema: wanunue telefone mupya.

Nilitembea na walimaji wa muhogo na maharagi mu mradi mumoja ambao uliweka tovuti ya kuandika bei za soko. Ilikuwa nzuri sana ku kompyuta ya ofisi. Ku telefone za wasaidizi wa vijijini, Android za okazio, ilifungua ukurasa mweupe tu, kwa sababu fomu yote ilichorwa na JavaScript ambayo kivinjari kile hakikuielewa. Wasaidizi wakarudi ku daftari. Kisha miezi michache ripoti ikaandikwa: walimaji hawapendezwi na teknolojia. Na takwimu za ile tovuti zilionekana kuunga mukono, kwa kuwa hazikuonyesha mutu hata mumoja mwenye telefone ya zamani. Angeonekana namna gani, na hakuweza kuingia?

Hii njo sehemu inayonichoma. Mutu aliyefungiwa inje hahesabiwi. Kisha tunachukua hesabu ya walioingia, tunasema: muone, wote wana telefone mupya, hakuna sababu ya kusaidia za zamani. Ni kama kupima afya ya kijiji kwa kuuliza wale tu waliofika ku hospitali kwa miguu.

Basi, kwa vijana wanaofanya kazi hii, nasema mambo mane.

Moja, tofautisha nani ni nani. Banki yenye bujeti na inayobaki na programu ya 2001, isukume. Mwanafunzi wa Uvira anayejaza fomu ya bourse na telefone ya kaka yake, usimusukume, mufungulie.

Mbili, anza na fomu inayofanya kazi bila JavaScript. Jina, namba, kifungo cha kutuma. Hii HTML ya kawaida iliweza tangu miaka ya 1990, na inaweza leo. Urembo uje nyuma.

Tatu, jaribia tovuti ku telefone ile watu wanayo. Azima moja kwa siku moja, ya mulinzi wa mulango ao ya mama wa soko. Usiamini kompyuta yako.

Ine, kuacha kitu cha zamani kunaruhusiwa, tena wakati mwingine ni lazima. Mufumo wa kulipa feza hauwezi kukubali njia za usalama zilizovunjika, hiyo ni hatari kwa mutumiaji mwenyewe. Lakini toa tarehe mapema, eleza sababu, na acha mulango mwingine wazi: SMS, USSD, karatasi ku ofisi.

Ku fakilte tulifundishwa kwamba mbegu mupya inaletwa mu shamba la majaribio kwanza, pembeni ya ile ya zamani, na mulimaji anaangalia mavuno mwenyewe kabla ya kuamua. Hakuna agronome mwenye akili anayeng'oa muhogo wa mutu siku ile anamuletea vijiti vipya. Mutengenezaji wa tovuti anaweza kushika kanuni ile ile: ya zamani ibaki imesimama, hata kama si nzuri, mpaka mwenyewe apate ya kuibadili.

Aliye na tovuti ya kikundi ao ya shule yake, aifungue leo jioni ku telefone ya zamani kabisa ile iko mu nyumba.